Majani ya Ng'ombe wa Penina

Penina alikufa mwanzo wa kiangazi, mwaka mmoja baada ya vita vya Hitla kwisha. Aliumwa tumbo, akalala, hakuinuka tena. Siku ya mwisho hakuuliza habari yangu. Aliuliza kama ng'ombe amekula. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mwinjilisti akasoma, watu wakaimba, wakakaa nami siku za matanga, kisha kila mtu akarudi kwake.

Nilibaki na ng'ombe.

Hakuwa wetu. Alikuwa wa Dismasi, Mchaga wa Kibosho mwenye duka Arusha mjini. Mjini hakuna majani, kwa hiyo watu kama yeye huweka ng'ombe wao kwetu mlimani. Unamtunza, unakunywa maziwa, unapata samadi ya migomba, na ndama mnagawana kama mlivyopatana. Penina ndiye aliyepatana naye. Mimi nilisimama pale nikasikiliza.

Kwetu Akheri ng'ombe hatoki kwenda kulisha. Atalisha wapi, ni migomba na kahawa mpaka kwenye mlango wa mtu. Anakaa ndani ya nyumba, upande wake, nanyi upande wenu. Majani yanamfuata. Na majani ni kazi ya wanawake. Mwanamume anajenga, anachimba mfereji, anachinja. Majani hajitwishi. Sijui nani alipanga hivyo. Nilizaliwa nikakuta ni hivyo.

Mimi nilikuwa mkata mkonge. Nilikata chini Nduruma, kwenye shamba la Mgiriki, tangu nina nguvu mpaka mvi zikaanza. Halafu ncha ya jani ikaingia jicho la kushoto. Jicho likafa. Mgongo nao ulikuwa umeshaharibika. Nikapanda nyumbani. Penina akasema, kaa, umekata vya kutosha. Nikakaa. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, nikazoea kukaa mpaka ikawa ndiyo shughuli yangu. Yeye alishuka alfajiri na wenzake, akapanda na mzigo kichwani jua likiwa kali, akamwekea ng'ombe, akapika, akanipa sahani. Mzigo niliuona kila siku. Uzito wake sikuujua.

Wakati wa matanga wanawake walileta majani. Kila mmoja alipunguza mzigo wake kidogo, akatupa pale mlangoni. Matanga yalipokwisha waliendelea siku chache, wakaacha. Hanna ndiye aliyekuja kuniambia. Huyu ni jirani, mjane, mama wa makamo, yeye na Penina walikuwa wakishuka pamoja tangu wameolewa.

"Baba Eunike," akasema, "mikono yetu ni hii hii. Na kila mmoja ana ng'ombe wake ndani."

Alisema kweli.

Nikawa namkatia ng'ombe vigogo vya migomba. Hiyo kazi mwanamume anaweza, unaifanya hapo hapo nyumbani. Lakini mgomba ni maji tu. Alikula akaharisha, mbavu zikatoka. Na alikuwa na mimba. Akawa analia mchana kutwa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nikimsikiliza. Nilijua anataka nini. Sikuinuka.

Dismasi alikuja siku ya soko la Tengeru. Kijana mpole, viatu vyake alivivua mlangoni. Akatoa pole, akakaa kimya kama inavyotakiwa, ndipo akaenda kumtazama ng'ombe. Alikaa naye muda. Aliporudi hakuwa na ukali.

"Mzee, mimi sigombani na wewe," akasema. "Lakini huyu hana mama sasa. Yupo mwanamke Maji ya Chai atakayemchukua. Nitakuja soko la pili kutoka leo."

Nikamwambia sawa. Akavaa viatu vyake akaenda.

Binti yangu Eunike ameolewa huko huko Maji ya Chai. Aliposikia alikuja na uji kwenye kibuyu. Akasema afadhali, ng'ombe aende, halafu nami niende nikae kwao. Mume wake amekubali. Nilimsikiliza. Mwanamume kwenda kula nyumbani kwa mkwewe ni aibu, lakini si hiyo niliyokuwa nikiifikiri. Nilikuwa nikifikiri ule upande wa pili wa nyumba. Sasa ukiingia kuna kitu kinapumua. Ng'ombe akiondoka patakuwa na giza na kigingi. Nilitaka abaki. Sikuwa na sababu nyingine ya kumweleza Eunike, nikanywa uji.

Aminieli naye akaja. Aminieli ni mzee wa kanisa, nasi tulitahiriwa pamoja, kwa hiyo ana ruhusa ya kuniambia lolote. Akasema kuna mjane chini kule, ana afya, hana watoto wadogo. Nikamwambia udongo wa Penina bado haujashuka.

"Sikwambii upende," akasema. "Nakwambia uoe. Mwanamke akiingia, majani yanaingia."

Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, akaniombea, akaenda.

Kesho yake asubuhi nilipoamka nyumba ilikuwa kimya. Ng'ombe halii. Nikadhani amekufa. Nikaenda nikamkuta amesimama, ameinamisha kichwa, ananitazama kama anavyotazama ukuta. Alikuwa ameacha kuniomba.

Nikachukua mundu wa Penina kwenye dari.

Sikwenda bondeni. Niliona haya. Wanawake walikuwa wameshaanza kushuka, nikasikia sauti zao kwenye njia, nikajificha nyuma ya kahawa mpaka wakapita. Kisha nikaenda kwenye ukingo wa mfereji, juu kidogo ya nyumba yangu. Pale majani ni mabichi wakati wowote, hata kiangazi, na hakuna anayepita saa zile. Nikakata haraka haraka. Yalikuwa laini, yamelowa umande. Nikayabeba kifuani kama mtu aliyeiba kuku, nikamwekea. Alikula yote. Nikafurahi. Nikarudi nikaleta mengine.

Jua lilipopanda alianza kuvimba. Ubavu wa kushoto ulijaa kama ngoma. Akawa anapiga teke tumbo lake mwenyewe, ulimi nje, mate yanatoka. Nilijua tu kwamba anakufa na kwamba ni mimi niliyemlisha. Nikaenda kumwita Hanna. Alikuwa ndiyo kwanza ametua mzigo. Hakuuliza kitu, alikuja mbio na magadi kwenye kitambaa.

Tukamfunga kijiti mdomoni kama lijamu ya punda, asifunge taya. Tukamnywesha maji ya magadi. Tukampandisha kwenye mteremko, kichwa juu, Hanna akisugua ubavu kwa ngumi na mimi nikivuta kamba. Tukamzungusha pale tena na tena. Mwishowe alibeua. Harufu mbaya sana ilitoka, na mimi nikakaa chini.

Hanna alijifuta mikono kwenye kanga. Akaokota jani moja lililobaki, akalinusa.

"Majani ya mfereji," akasema. "Na umande wake. Mbona hukushuka na sisi?"

"Watu," nikasema.

"Watu hawali majani, Baba Eunike."

Akaenda zake kumlisha wake.

Alfajiri iliyofuata nilikaa njiani nikiwasubiri. Walipofika wakasimama. Kulikuwa na wasichana ambao hawajaolewa, na wake za vijana, ninaowaita wakwe zangu, watu ambao kwa desturi wakiniona wanashuka njia nipite. Sasa hawakujua washuke au waende. Hanna akasema, huyu anashuka na sisi, atakuwa nyuma. Tukashuka. Mbele walikuwa wakinong'ona, halafu wakachoka kunong'ona, wakazungumza mambo yao. Nilisikia mengi ambayo mwanamume hatakiwi kuyasikia. Sitayaandika.

Bondeni nilianza kukata kama ninavyojua. Mkonge unakatwa umesimama, unapiga, unaangusha, unapiga mwingine. Mkono wangu ulikumbuka wenyewe. Lakini majani si mkonge. Unachuchumaa, unashika konzi, unakata karibu na udongo, unalaza vichwa upande mmoja. Nilikuwa nikiacha nusu ya majani ardhini. Hanna alinionyesha mara moja, akanigeuzia mgongo. Nikachuchumaa. Mgongo ulinitukana, nikaendelea.

Kufunga pia sikujua. Nilifunga vitita vidogo vidogo kama vya mkonge, nikaviunganisha, nikaweka begani. Tulipoanza kupanda kamba ikalegea, majani yakamwagika njia nzima. Wakasimama tena kunisubiri. Msichana mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Hanna alikusanya yale majani, akayafunga upya kwa goti, akakunja ganda kavu la mgomba likawa ngata.

"Kichwani," akasema. "Bega ni la jeneza."

Alisema tu, bila kufikiri. Kisha akakumbuka, maana bega hili lilikuwa limembeba Penina kiangazi kile kile. Mimi nikainamisha kichwa, akanitwisha.

Nitasema juu ya uzito. Shingo inaingia ndani ya mabega. Huwezi kutazama pembeni. Majani yanashuka usoni na shingoni, yanakuna, wadudu wanatembea, na mikono yote imeshika mzigo. Unaona miguu ya aliye mbele yako, basi. Penina alipanda hivi akiwa na mimba ya Eunike. Alipanda hivi hata mwezi ule tumbo lilipoanza kumuuma. Nilipanda nikiwaza hilo, na hakuna mahali pa kuketi kwenye mteremko ule.

Habari zilienea siku ile ile. Kwenye barabara ya Tengeru, panaposimama malori, kuna vijana wanaokaa bila kazi. Tulipokatiza pale walianza kuniamkia, mimi Kaanaeli, kama mwanamke. Shikamoo, mama Kaanaeli. Mama Kaanaeli, mzee hajambo nyumbani? Mmoja akaniuliza kama ndani kuna chai, anakuja kuniposa. Nilipita. Kila siku tulikatiza barabara ile na kila siku walikuwa na neno jipya, mpaka wakaishiwa.

Aminieli hakuishiwa. Kwanza alikuwa akituona kwa mbali, anaingia kwenye kahawa ya mtu asikutane nami. Kisha akaja nyumbani, akakaa kwenye ncha ya kigoda. Akasema rika letu lote linachekwa. Akasema kuna watu wamemuuliza kama nimerukwa na akili kwa ajili ya kufiwa, naye hajui awajibu nini. Akaomba niwe natua mzigo kabla ya barabara, binti wa Hanna aubebe mpaka nyumbani. Nikamwambia binti wa Hanna ana mzigo wake.

Sisemi kwamba nilifurahi. Nilirudi nikiwa nimekwisha, nikala viazi vya jana, nikalala. Lakini nikiwa bondeni nakata, siisikii nyumba. Hilo tu. Unakata konzi, unalaza, unakata nyingine, na mchana unapita. Nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda mchana haukupita.

Ng'ombe akaanza kupona. Mavi yakawa magumu, manyoya yakalala. Mbavu bado zilionekana lakini si zote. Akawa analia tena nikichelewa.

Ikafika siku ya soko la pili. Nilikusudia kushuka mapema, nirudi kabla Dismasi hajafika, anikute nyumbani. Lakini majani ya karibu yalikuwa yamekwisha. Kiangazi kilikuwa kimekausha mpaka chini, ikabidi twende hadi mpakani mwa mashamba ya Nduruma. Kule majani yapo, ila ni ya mzungu, na wanawake wanakata pembezoni kwa kuibia.

Mlinzi wa mpaka ule alikuwa Lesikar, Mwarusha. Tulifanya kazi pamoja zamani, mimi nikikata, yeye akiendesha punda wa maji. Alitukuta tumechuchumaa. Akakusanya miundu yote kama alivyoagizwa, akatuambia tukae chini ya mgunga mpaka msimamizi apite na gari, ndipo atupe miundu twende. Akaanza kuhesabu watu kwa jicho, akanifikia mimi, akaninyooshea fimbo.

"Kaanaeli? Ni wewe?" Akaja karibu. "Wee mzee, umeolewa na nani?"

Hanna ndiye aliyejibu. "Tumemuoa sisi. Sote. Mahari bado tunatafuta."

Lesikar alicheka mpaka akaegemea fimbo. Wanawake wakacheka, hata wakwe zangu. Nami nikacheka. Sauti ilinitoka vibaya, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi.

Lakini msimamizi alichelewa, na jua halikutusubiri. Lilikuwa limepita utosi tulipoanza kupanda. Nilijua Dismasi ameshafika. Nilitembea haraka kuliko mgongo wangu unavyoweza, na bado nilikuwa nyuma.

Tulikutana nao chini kidogo ya kanisa, njia inapokuwa nyembamba. Kwanza niliona kwato. Nikazijua. Kisha viatu vyeusi vya Dismasi, miguu mitupu ya mtu aliyeshika kamba, na nyuma yao ndara za Aminieli. Wanawake walisogea pembeni kumpisha ng'ombe. Nami nikasogea. Majani yalikuwa yamenifunika mpaka kifuani.

"Shikamooni, mama zangu," Dismasi akasema.

Waliitikia. Mimi sikuitikia. Nikamsikia Aminieli akizungumza kwa sauti ya kanisani, akimwambia Dismasi kwamba amefanya vema, maana mzee Kaanaeli yuko kwa bintiye Maji ya Chai, anaumwa, na pale nyumbani hakuna mtu wa kumlisha ng'ombe. Nikaelewa. Dismasi alifika, akakuta mlango umefungwa, akamuuliza Aminieli. Na Aminieli asingeweza kutamka kwamba mwenzake wa jando ameshuka na wanawake kukata majani. Alinifunika. Alitoa uongo, mzee wa kanisa, kwa ajili yangu.

Nilikuwa naweza kunyamaza. Kwato zilikuwa zinanipita. Hanna na wenzake walikuwa kimya kabisa, hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Ningenyamaza, ng'ombe angeshuka, Aminieli angebaki mkweli, na mimi ningebaki mgonjwa mwenye heshima yake.

"Dismasi," nikasema. "Ni mimi."

Viatu vikasimama. Nikatua mzigo. Mtu akitua mzigo mwenyewe bila kusaidiwa unaanguka, ukaanguka, nami nikaanguka nao magotini. Nikainuka. Majani yalikuwa kwenye ndevu.

"Mzee," Dismasi akasema. Akamtazama Aminieli, akanitazama mimi. "Nimeambiwa unaumwa."

"Siumwi. Nakata majani. Haya ni ya huyo ng'ombe."

"Umeyakata wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nayakata kila siku."

Aminieli alikuwa akitazama ndara zake. Yule mwenye kamba alikuwa kijana wa mjini, akatabasamu, kisha akaona hakuna mwenzake wa kutabasamu naye.

Dismasi alimzunguka ng'ombe. Akampapasa mbavu, akabonyeza ubavu, akainua mkia. Akasema alipomtoa ndani alishangaa kumwona amenenepa kidogo kuliko ile mara ya kwanza, akadhani ni huruma ya majirani. Akasema pia kwamba mwanamke wa Maji ya Chai anamngojea leo na ameshatengeneza mahali. Akamtazama tena ng'ombe.

"Mpaka azae," akasema mwishowe. "Ndama akitoka mzima, tutazungumza. Akitoka amekufa, nitamchukua mama yake, na usinilaumu, mzee."

"Sitakulaumu."

Akaichukua kamba kwa yule kijana akanipa mkononi. Hanna na mwingine wakanitwisha. Nikapanda na majani kichwani na ng'ombe mkononi, na siku ile ya soko njia ilikuwa imejaa watu.

Aminieli alitufuata kidogo. Tulipofika kwenye njia ya kwake akasema, si kwa hasira, "Ungepita tu. Nilikuwa nimeshakufunika."

"Najua," nikasema.

Hakuja kwangu tena mpaka mvua. Alipokuja tulizungumza habari za kahawa, na ya njiani hatukuyagusa. Mpaka leo hatujayagusa.

Ndama alizaliwa mvua za vuli zilipoanza. Jike, mdogo, mguu mmoja wa mbele umepinda. Alikawia kusimama na nilidhani hatasimama. Alisimama. Dismasi akaja, akavua viatu, akamtazama, akamwacha yeye na mama yake.

Nyumba ni ile ile. Upande ule wanapumua wawili, upande huu niko mimi. Shingo inauma upande wa kulia kuliko wa kushoto. Hanna hupita alfajiri akaita mara moja, wala hangojei. Nachukua mundu na kamba, natoka.